Nafunga pointi nyingi kuliko wote, mbona niko nafasi ya tisa?

*"Kocha, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, naishi Makorora. Jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari huwa nacheza mchezo wa simu wa kuendesha timu ya mpira wa kikapu. Si wa kubonyeza vidole. Unasajili wachezaji, unawapa mazoezi, unapanga kikosi na mbinu, kisha kompyuta inacheza mechi na kukuletea matokeo. Ligi yetu ina timu 12, mechi ni dakika 48. Kwenye mbinu kuna sehemu ya kuchagua kasi: haraka, kawaida au subira. Msimu mzima nimeweka haraka. Nafunga wastani wa pointi 98, hakuna anayenifikia, lakini nafungwa 103 na niko nafasi ya tisa. Mwalimu mwenzangu akaniambia timu dhaifu hucheza polepole. Nikaweka subira mechi nne: nikashinda mbili, nikafungwa mbili, pointi zikashuka hadi 76 kwa mechi na wapinzani 77. Nikaona ushambuliaji umekufa, nikarudi kwenye haraka. Senta wangu, yule mrefu wa chini ya kikapu, ndiye bora katika ligi ila pumzi yake ndogo. Pointi gadi wangu, anayeongoza mpira, ni mwepesi, lakini mpira unampotea.*

*Wastani wangu kwenye haraka: mitupo 84, mitupo huru 22, rebaundi za kushambulia 11, mipira iliyopotea 19. Kwenye subira: mitupo 66, mitupo huru 18, rebaundi za kushambulia 9, mipira iliyopotea 13. Jumamosi nakutana na kinara. Niweke kasi gani? Na je, haya ninayojifunza humu naweza kuyapeleka kwa vijana wa shule tunaowaandaa kwa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari?"*

Marahaba, Mwalimu. Umefanya jambo ambalo wengi wanaoniuliza hawafanyi: umeleta takwimu. Wengine huniambia tu "timu yangu haiendi" nikabaki kubahatisha. Wewe umenipa cha kushika, na ukivitazama vizuri hivyo ulivyoniandikia utaona kwamba ushambuliaji wako haukufa hata kidogo ulipoweka subira. Ulikuwa mzima kama ulivyokuwa, pengine umenenepa kidogo. Tatizo ni kwamba unaupima kwa kipimo kisichoufaa.

Pointi kwa mechi ni kipimo kinachodanganya kila mtu, wakiwemo wanaolipwa kwa kazi hii. Katika kikapu timu hupokezana mpira. Wewe ukishambulia, ukifunga au ukikosa, mpira unakwenda kwa mwenzako. Naye akimaliza unarudi kwako. Kwa hiyo ukiharakisha, huongezi mashambulizi yako peke yako. Unaongeza na ya mpinzani, karibu sawa kwa sawa. Kasi haimpi mmoja mpira zaidi ya mwenzake. Anayepata mitupo zaidi ni yule anayechukua rebaundi za kushambulia, yaani anayeudaka tena mpira timu yake ilipokosa, na asiyepoteza mpira ovyo, basi.

Sasa tuhesabu. Kupata idadi ya mashambulizi ya timu, chukua mitupo yote ya kawaida, ongeza mitupo huru, ile ya baada ya faulo, ukiizidisha kwa 0.44, toa rebaundi za kushambulia, ongeza mipira iliyopotea. Hiyo 0.44 inatokana na kwamba mitupo huru mara nyingi huja miwili miwili kwa shambulizi moja, na mingine haimalizi shambulizi, kama ule mmoja wa ziada baada ya kufunga huku umechezewa faulo. Rebaundi ya kushambulia tunaitoa kwa sababu shambulizi ni lile lile linaendelea, halijaanza jipya.

Kwenye haraka: 84, ongeza 9.7, toa 11, ongeza 19. Ni mashambulizi 102 hivi. Pointi 98 gawanya kwa 102 ni 0.96 kwa kila shambulizi. Kwenye subira: 66, ongeza 7.9, toa 9, ongeza 13, unapata 78. Pointi 76 gawanya kwa 78 ni 0.97. Umeona? Kila ukishika mpira unaokota kiasi kile kile. Kilichopungua ni mara ulizoushika. Na hao wapinzani wako waliokuwa wakiokota 1.01 kwa shambulizi wameshuka hadi 0.99. Kwenye jedwali la wafungaji wewe ni namba moja kwa sababu mechi zako ni ndefu kwa mashambulizi, si kwa sababu unafunga vizuri. Timu inayopata pointi 0.96 kila inaposhambulia na kuruhusu 1.01 ni timu ya kawaida, na nafasi ya tisa kati ya 12 si uonevu.

Hili limewahi kutokea kwa ukubwa wa kutisha huko Marekani. Msimu wa 1990 na 1991, Denver Nuggets wakiwa na kocha Paul Westhead waliamua kukimbia dakika zote. Jiji la Denver liko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na dhana ilikuwa kwamba wageni watakatika pumzi. Denver wakafunga wastani wa pointi karibu 120 kwa mechi, wakaongoza NBA nzima, ligi kuu ya kikapu ya huko. Wakafungwa karibu 131. Walimaliza na ushindi 20 na vipigo 62. Mtu aliyesoma safu ya pointi za kufunga peke yake angedhani ni mabingwa.

Nije kwa huyo mwalimu mwenzako na kauli yake kwamba timu dhaifu hucheza polepole. Hajakosea, ila hakukuambia faida yake ni kubwa kiasi gani, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Chukulia Coastal Union, klabu ya soka ya hapo Tanga, wanakutana na timu ya mtaani pale uwanja wa Mkwakwani, na mshindi anaamuliwa kwa penati tu. Kila upande ukipiga moja, wale wa mtaani wana nafasi ya kweli: mmoja akafunga, mwingine akagonga mwamba, imekwisha. Kila upande ukipiga ishirini, ubora unajitokeza na mtaa unarudi nyumbani. Mashambulizi ya kikapu ni vivyo hivyo. Yakiwa machache, bahati ina sauti kubwa. Yakiwa mengi, ubora unaizima. Ndiyo maana dhaifu anataka mechi fupi na mwenye nguvu anataka mechi ndefu. Fort Wayne Pistons walilijua hilo tarehe 22 Novemba 1950. Walikwenda kucheza na Minneapolis Lakers wa George Mikan, wakashika mpira tu bila kutupa, na wakashinda 19 kwa 18. Mechi nzima ya watu wazima, pointi 37! Mchezo wa namna hiyo ulikuwa ukifukuza watazamaji, na mwaka 1954 NBA wakaleta saa ya sekunde 24, muda ambao timu lazima iwe imetupa. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, aliipata namba hiyo kwa kugawanya sekunde 2,880 za mechi kwa mitupo 120 aliyoona inatosha kwa mechi nzuri.

Saa hiyo ndiyo inayopunguza ukweli wa kauli ya mwenzako. Huwezi tena kushusha mechi hadi mashambulizi ishirini. Unaweza kutoka 102 kwenda 78, na penati 102 dhidi ya penati 78 si tofauti ya kubadilisha maisha. Nimeikadiria hali yako kwa hesabu ya uwezekano, nikichukua kwamba kila shambulizi linajitegemea. Timu iliyo nyuma kwa pointi 0.05 kila shambulizi, kama yako, inashinda kama mechi 38 katika 100 ikicheza haraka, na kama 39 ikicheza kwa subira. Mechi moja katika mia! Ukikutana na timu inayokuzidi sana, tuseme kwa pointi 0.20 kila shambulizi, unatoka kushinda 10 au 11 katika 100 hadi kama 14. Hapo sasa kuna kitu cha kuokota. Si kingi, ila kwa mtu anayekutana na kinara si cha kutupa.

Linganisha na hili. Ukibaki na mashambulizi yako 78 lakini ukapunguza pengo kutoka 0.05 hadi 0.01, unapanda hadi kama ushindi 48 katika 100. Kwa hiyo swali la "haraka au polepole" ni dogo. Swali kubwa ni hili: kwa kasi ipi wachezaji wako hawa, si wa mtu mwingine, wanapata mitupo mizuri zaidi na kumnyima mpinzani mitupo mizuri?

Ili kulijibu inabidi ujue kompyuta inafanya nini unapogusa ile sehemu ya kasi. Watengenezaji hawatoi hesabu zao zote hadharani, lakini michezo ya aina hii hufuata njia inayofanana. Shambulizi ni mlolongo wa hatua: mpira unapita kwa mtu, programu inatazama nafasi aliyonayo, uwezo wake, na beki aliyemkabili, kisha inaamua atupe au apeleke mbele. Kasi ni kiwango cha uchaguzi. Ukiweka haraka umewaambia wachezaji: ikija nafasi ya wastani, tupa. Ukiweka subira umewaambia: ya wastani iache, tafuta nzuri zaidi. Saa inavyopungua hata mwenye subira analazimika kushusha kiwango, na sekunde za mwisho hutupa chochote.

Ukilielewa hilo mengine yanajieleza. Subira inawafaa watu wanaojua kupasiana, kwa sababu kila pasi ya ziada ni nafasi mpya ya kupata mtupo bora. Lakini kila pasi ya ziada ni nafasi mpya ya kupoteza mpira pia. Timu yenye mikono mibovu ikiwekewa subira inazunguka, inazunguka, kisha ama inaporwa ama inatupa mtupo wa kukata tamaa saa ikiwa imebaki sekunde mbili. Haraka inawafaa watu wanaoweza kujitengenezea mtupo wenyewe, wepesi, wenye pumzi, na walio na mtu mmoja wa kuongoza msafara. Phoenix Suns wa 2004 na 2005 chini ya Mike D'Antoni walikimbia kuliko wote na wakashinda mechi 62 kati ya 82. Aliyeushika mpira alikuwa Steve Nash, aliyechaguliwa mchezaji bora wa msimu huo. Denver hawakuwa na Nash. Kasi ile ile, matokeo mbingu na ardhi.

Wewe pointi gadi wako mpira unampotea. Ulipoweka haraka mlipoteza mpira kwenye mashambulizi 19 kati ya 102, yaani karibu 19 katika 100. Ulipoweka subira, 13 kati ya 78, karibu 17 katika 100. Usikimbilie kusema subira imemtibu. Kwa mechi nne, tofauti ya mbili katika mia ni kitu ambacho bahati peke yake inakileta bila jasho. Ninachokisoma hapo ni kwamba huyu kijana ana tatizo kwenye kasi zote mbili, na dawa yake haipo kwenye kuchagua kasi. Iko kwenye mazoezi: mpe nafasi za mazoezi ya kumiliki mpira na pasi, hata kama itabidi mazoezi ya kutupa yasubiri. Au usajili mwingine. Najua kwenye michezo hii mtu humpenda mchezaji aliyemlea tangu akiwa mdogo, akakataa kumuuza hadi timu ishuke daraja. Hilo ni la moyo wako, mimi siliingilii.

Senta ndiye anayenivutia zaidi katika barua yako. Unasema ndiye bora katika ligi, na bado umemweka kwenye timu inayokimbia. Ukicheza mashambulizi 102, na mpinzani naye 102, huyo mtu mrefu anavuka uwanja mara 204 kama atacheza mechi nzima. Kwenye subira anavuka 156. Mwenye pumzi ndogo hiyo ni tofauti kubwa, maana michezo mingi ya aina hii hupunguza uwezo wa mchezaji kadiri anavyochoka, na uchovu humla kwenye ulinzi na rebaundi kabla hujauona kwenye kufunga. Halafu kuna jambo la pili: mtupo wa haraka mara nyingi hutupwa kabla senta hajafika chini ya kikapu. Umenunua mtu wa bei mbaya, kisha umempangia mfumo unaomaliza shambulizi yeye akiwa bado katikati ya uwanja.

Fanya uchunguzi huu leo usiku. Fungua takwimu za mechi zako za haraka, tazama mitupo ya senta wako robo ya kwanza na robo ya nne. Kama kwenye robo ya nne mitupo yake imepungua, au rebaundi zimekauka, au mchezo unakuonyesha nguvu zake zimeshuka, umepata jibu ambalo hata mimi siwezi kulipinga. Tazama pia nani anatupa badala yake. Nina wasiwasi utakuta ni wale mafowadi wako wa kawaida wanaotupa kwa sababu umewaambia watupe.

Jambo ambalo wengi husahau: mpinzani naye ana sehemu yake ya kuchagua kasi. Idadi ya mashambulizi ya mechi hutokana na nyinyi wawili. Ukiweka subira na mwenzako akaweka haraka, mechi inaishia katikati, kila mmoja akiwa mzembe au mtulivu kwenye mashambulizi yake tu. Kwa hiyo kabla ya mechi tazama mpinzani hupenda nini, usijilaumu kwamba subira yako "haikufanya kazi" kumbe mwenzako alikuwa anakimbia.

Sasa zile mechi nne. Mwalimu, ungempa mwanafunzi alama ya mwaka kwa maswali manne? Katika mechi ya mashambulizi 78 tofauti ya pointi inaweza kuyumba 14 huku au kule kwa bahati tu. Ukichukua wastani wa mechi nne bado unayumba kama pointi saba. Wewe unatafuta tofauti ya pointi tatu au nne. Hata mechi kumi hazitoshi kukupa uhakika kwa kuangalia ushindi na vipigo. Ndiyo maana nakusihi uache kuangalia matokeo na uangalie mambo yanayozalisha matokeo: nani anatupa, kutoka wapi, saa ikiwa imebaki ngapi kama mchezo unaonyesha, mipira mingapi inapotea kwa kila mashambulizi 100, na nguvu za senta robo ya nne. Hayo hutulia mapema kuliko matokeo. Na ukijaribu, badilisha kitu kimoja. Mtu akibadilisha kasi, ulinzi na kikosi cha kwanza kwa siku moja, kisha akashinda, hajui amshukuru nani. Mechi za kirafiki ndizo mahali pa majaribio, kama mchezo wenu unazo.

Ushauri wangu, baada ya kupima yote. Ondoka kwenye haraka iwe ndiyo desturi yako. Usiende moja kwa moja kwenye subira pia, maana pointi gadi wako hana mikono ya kuihimili mwaka mzima. Weka kawaida, elekeza mashambulizi ndani kwa senta, na mpe huyo senta mapumziko ya mpango: dakika kama 30, na asikalie benchi mwanzoni mwa robo ya nne. Hapo naamini utapata mahali ambapo mtu wako bora anashika mpira mara nyingi zaidi akiwa na nguvu. Haraka iweke akiba kwa mechi dhidi ya timu unazozizidi wazi, hasa zile zenye benchi fupi, ukiwa na wachezaji wa akiba wa kubadilishana. Pointi gadi akishapanda kwenye pasi na kumiliki, mwisho wa msimu huu au ujao, ijaribu subira tena kwa mechi nyingi zaidi ya nne. Wapo watakaokuambia kuna mpangilio mmoja unaoshinda kila mechi. Kama ungekuwepo, timu zote 12 zingeuweka.

Swali lako la mwisho ndilo nililotamani kulijibu kwanza, kwa sababu hapo si namba zinazocheza, ni watoto wa watu. Kinachohamia kutoka kwenye simu hadi uwanjani ni fikra mbili: hesabu mashambulizi kabla ya kuhukumu pointi, na chagua kasi kwa kutazama wachezaji ulionao. Mpe mwanafunzi mmoja asiyecheza daftari na kalamu, aandike mitupo, mitupo huru, rebaundi za kushambulia na mipira iliyopotea ya timu zote mbili. Ni hesabu ya kidato cha kwanza na itawafundisha zaidi ya kelele za pembeni mwa uwanja. Kumbuka tu kwamba sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni dakika 40, robo nne za dakika kumi, kwa hiyo namba zitakuwa ndogo kuliko za kwenye simu yako. Na baada ya rebaundi ya kushambulia saa inarudi kwenye sekunde 14, si 24, hivyo subira ina mipaka yake. Kwa vijana wanaojifunza, mipira iliyopotea huwa mingi kiasi kwamba kuipunguza kunaleta pointi nyingi kuliko kasi yoyote utakayochagua.

Kisichohamia ni pumzi. Kwenye simu mchezaji akichoka mstari unageuka mwekundu na kesho umejaa tena. Kijana wako anacheza kwenye saruji, jua la saa tisa alasiri, na unyevunyevu wetu huu wa pwani ambao jasho halikauki mwilini. Mwili unaojaribu kupoa huku jasho halikauki unapata joto haraka kuliko unavyodhani. Ukitaka vijana wakimbie kama Phoenix, waandae wiki kadhaa, uanze kidogo kidogo, mazoezi yawe asubuhi au jioni karibu na magharibi, na maji yawepo pembeni kila mapumziko, si mwisho wa mazoezi. Usimnyime mtoto maji kwa kumkomaza. Bado kuna makocha wanaofanya hivyo, na mimi sioni ukomavu wowote hapo.

Na hapa siwezi kukusaidia kwa maandishi. Kijana akilalamika kifua kubana, moyo kwenda mbio bila mpangilio, akaanguka au kuzimia bila kugongwa na mtu, mazoezi yake yameishia hapo. Mtoe juani, mpeleke hospitali mara moja, Bombo au kituo kilicho karibu, na asirudi uwanjani mpaka daktari amruhusu. Kama amechanganyikiwa na ngozi inachoma kwa joto, anza kumpoza kwa maji mwili mzima pale pale huku usafiri unatafutwa. Vijana wenye pumu nao ujue majina yao na wapi dawa zao zinakaa kabla ya msimu kuanza. Mbali na afya, tafuta kocha aliyesomea, kupitia chama cha kikapu cha mkoa, aje asimame nawe mazoezi mawili matatu. Mguu unavyotua baada ya kuruka, bega linavyokaa wakati wa kutupa, hivyo vinaonwa kwa macho.

Nimalizie Jumamosi yako. Kinara anakuzidi, kwa hiyo hii ni moja ya mechi chache ambazo subira ina maana. Ichukue hiyo faida ndogo ya mechi tatu nne katika mia. Ongeza na jambo jingine: kama mchezo wenu unaruhusu, waache wachezaji wako wawili wanaoweza zaidi kutupa kutoka mbali watupe pointi tatu zaidi ya kawaida yao. Mtupo wa pointi tatu unaoingia mara moja kati ya tatu na wa pointi mbili unaoingia mara moja kati ya mbili vina thamani moja kwa wastani, lakini ule wa tatu unayumba zaidi. Dhidi ya anayekuzidi, kuyumba ndiko unakokutaka. Senta mbakishe ndani ili mabeki wamkimbilie na wale wa nje wapate nafasi. Pointi gadi mwanzishe, ila uandae wa akiba aingie mapema akianza kupoteza mpira. Ukiwa nyuma kwa pointi kumi robo ya nne, na kama mnaweza kubadilisha mbinu katikati ya mechi, achana na subira uweke haraka, maana hapo unahitaji mashambulizi mengi kabla kengele haijalia. Jumapili nitumie safu zile zile nne za takwimu, za kwako na za kinara, pamoja na dakika alizocheza senta.